Sukari adimu yaweza kuwa kinga mpya ya ukungu wa viazi na nyanya

VIAZI mviringo ni miongoni mwa mazao yanayowapatia chakula na kipato wakulima wengi wa Nyanda za Juu Kusini. Hustawi katika maeneo yenye baridi na mvua za kutosha, yakiwamo Umalila na safu za Uporoto mkoani Mbeya, pamoja na wilaya za Kilolo na Mufindi mkoani Iringa.

Hata hivyo, hali ya hewa inayokistawisha kiazi ndiyo pia inayomlea adui yake mkubwa, yaani ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao wakulima wengi huuita ukungu. Ugonjwa huo hushambulia pia nyanya, zao linalotegemewa na wakazi wengi wa Ilula, wilayani Kilolo.

Chanzo chake ni kimelea kinachojulikana kitaalamu kama Phytophthora infestans. Hufanana na kuvu, ingawa kwa nasaba kiko karibu zaidi na aina fulani za mwani. Vijimbegu vyake huenezwa na upepo na matone ya mvua. Majani hutoka mabaka meusi, huota utando mweupe upande wa chini, kisha hukauka. Shamba zima laweza kuteketea ndani ya wiki mbili. Kimelea hicho ndicho kilichoangamiza viazi nchini Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja.

Kinga iliyozoeleka ni kupulizia viuatilifu, hasa mankozebu na metalaksili, mara kwa mara katika msimu wa mvua. Gharama yake ni kubwa kwa mkulima mdogo. Isitoshe, katika nchi nyingi kimelea kimejenga usugu dhidi ya metalaksili.

Sukari adimu ni nini?

Hizi ni sukari sahili zinazopatikana kwa kiasi kidogo sana katika maumbile. Mwaka 1991, Profesa Ken Izumori wa Chuo Kikuu cha Kagawa, Japani, alipata katika udongo wa eneo la chuo bakteria mwenye kimeng'enya kinachogeuza fruktosi kuwa sukari adimu. Ugunduzi huo ulifungua njia ya kuzitengeneza kwa wingi.

Mojawapo ni tagatosi, ambayo utamu wake unakaribia ule wa sukari ya kawaida na hutumika katika vyakula. Mwaka 2020, watafiti wa Japani walieleza kuwa tagatosi huzuia magonjwa ya ubwiri katika mazao kadhaa. Kimelea huipokea kana kwamba ni fruktosi, lakini zao lake huziba njia ambayo kimelea hutumia kusindika sukari nyingine, manosi. Kwa maneno mengine, kimelea hukabwa na chakula chake chenyewe.

Mwaka huohuo, watafiti wa Italia walionyesha kuwa tagatosi hudumaza kimelea cha bakajani chelewa kwa kuvuruga mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati. Jamaa yake, Phytophthora cinnamomi, hakuathirika. Hii ina maana kwamba sukari hiyo haiui kila kiumbe inachokutana nacho.

Si sukari ya dukani

Mkulima asidhani kwamba anaweza kukoroga sukari ya chai na kupulizia shambani. Sukari hiyo imeundwa kwa glukosi na fruktosi, ambazo ni chakula cha vimelea. Aidha, kilichofanikiwa maabara hakina budi kujaribiwa shambani. Sukari huyeyuka katika maji, na mvua za Uporoto si haba. Bei nayo itaamua iwapo mkulima wa nusu eka ataimudu. Kiuatilifu chochote kinapaswa pia kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) kabla ya kuuzwa.

Kwa sasa, silaha zilizo mkononi ni mbegu safi, kilimo cha mzunguko, kung'oa viazi maotea, kufukia mabaki ya mimea iliyougua na kupanda aina zinazostahimili ugonjwa, kama Sherekea. Ushauri hupatikana kwa maofisa ugani na katika Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha TARI Uyole, jijini Mbeya.