Madubwana ya sinema na zimwi la Shing'weng'we

Filamu za madubwana ni zile ambazo kiini chake ni kiumbe mwenye ukubwa usio wa kawaida, anayeingia katika makazi ya watu na kuyasambaratisha. Mifano yake mikuu ni King Kong, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York Machi 1933, na Godzilla ya Ishiro Honda, iliyotoka Japani Novemba 1954. Hata hivyo, kwa mtu aliyelelewa kando ya njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mkasa wa aina hii si mgeni hata kidogo.

Usukuma, kaskazini mwa Tabora, husimuliwa habari za Shing'weng'we, zimwi lililowameza watu wote pamoja na mifugo yao. Alisalia mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha ndani ya makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, ambaye alipopata akili aliuliza watu wengine wako wapi. Alipoelezwa, alianza kuwinda. Alileta panzi, kisha ndege, kisha wanyama wakubwa zaidi, na kila mara mama yake alimwambia kuwa huyo siye.

Kwenye ncha ya pili ya njia, pwani, yupo Nunda mla watu, ambaye hadithi yake ilichapwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja. Nunda alianza akiwa paka tu wa Sultani. Alipokula ndama, Sultani alimtetea: paka ni wake na ndama ni wake. Kijana anayemwinda naye humletea mama yake mbwa, ngawa, punda milia, twiga, hata tembo, na jibu ni lile lile. Hadithi za zimwi mmezaji zinajulikana hadi Lesotho, hivyo si lazima wapagazi wa Kinyamwezi ndio walioibeba hii pamoja na pembe za ndovu. Lakini waliposhuka pwani, bila shaka hawakuhitaji kufafanuliwa Nunda ni nani.

Watengenezaji wa filamu hutumia mbinu hiyo hiyo ya kuchelewesha. Katika King Kong karibu nusu ya filamu hupita kabla sokwe hajajitokeza. Godzilla naye huonekana kwanza kichwa tu, nyuma ya kilima. Mtazamaji hulikuza dubwana mwenyewe akilini, na hilo ni jambo la busara, kwani Kong alikuwa mwanasesere wa takribani sentimita 45, aliyesogezwa kidogo kidogo na Willis O'Brien kwa kila picha moja. Ndani ya Godzilla alikuwamo mtu, Haruo Nakajima, akikanyaga mji wa vijumba bandia huku akitokwa jasho katika vazi zito.

Lakini ukubwa peke yake hauogofyi kwa muda mrefu. Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kisiwani Bikini, na vumbi lake likawaangukia wavuvi wa Kijapani. Miezi minane baadaye, watu waliokwenda kumtazama Godzilla akiteketeza Tokyo walijua wanatazama nini. Tabora nayo ilikuwa na hofu yake. Burton na Speke walipofika Novemba 1857, mahali hapo palikuwa tayari kituo kikubwa cha wafanyabiashara Waarabu, na katika njia ile walipitishwa watumwa ambao wengi wao hawakurudi kamwe. Katika nchi ya namna hiyo, hadithi ya watu waliomezwa kisha wakatoka hai haikuweza kusikilizwa kama mzaha.

Hapa ndipo sinema inapoachana na masimulizi yetu. Kong huanguka kutoka jengo la Empire State na watazamaji humhurumia yeye. Godzilla hufa chini ya bahari, na Dakta Serizawa hufa pamoja naye ili silaha yake isije ikatumiwa tena. Hakuna aliyepotea anayerejea. Masala Kulangwa, kwa upande wake, alipasua tumbo la Shing'weng'we na watu wote wakatoka, isipokuwa kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi huyo hakumshukuru. Alikasirika, akataka kumloga aliyemwokoa, na shujaa ikambidi atafute dawa ya kumponya sikio.