MAJI YA BAMVUA: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA
Siku ya arobaini ya baba yake, Zaina alikabidhiwa koti la marehemu na baba yake mdogo. Mfukoni akakuta risiti za kambi ndogo ya wageni iliyo kando ya Mto Pangani, juu kidogo ya mji. Ni risiti za miaka mingi, na kila moja imeandikwa "watu wawili". Nyumbani Tanga, baba alikuwa akiaga kwamba anakwenda Muheza kikazi. Zaina amepanga kambini kwa jina la Halima ili amtafute huyo mtu wa pili. Jana usiku mzee mmoja mgeni, mvaa tarbushi, alimnong'oneza: "Wewe ni mtoto wa Kapteni. Njoo gatini alfajiri nikwambie alikuwa akija na nani." Alfajiri Zaina akafika. Mzee hayupo, mtumbwi wa kambi haupo, na juu ya mbao za gati imebaki ndara moja.

SASA ENDELEA...

"Usiiguse!"

Bi Mosi, mwenye kambi, alisimama nyuma yangu, kanga kiunoni na tochi mkononi ingawa kumekwisha pambazuka. Aliitazama ndara, akautazama mto, kisha akanitazama mimi, na hapo kwangu ndipo alipokawia.

"Umesimama hapa tangu lini, bibie?"

"Nimefika sasa hivi."

"Wageni wangu hawaamki kabla ya reli."

Reli ndiyo kengele ya kambi ile. Ni kipande kilichong'olewa kwenye njia za toroli zilizokuwa zikibeba mkonge mashambani, kimening'inizwa kwenye tawi la mwembe na kinagongwa kwa nondo. Bi Mosi aliigonga mwenyewe, kwa hasira, na kambi nzima ikatoka nje na usingizi machoni.

Kambi nzima si watu wengi. Ni mabanda sita ya makuti, kila moja lina jina la samaki, wala hakuna mawili yanayofanana, kwa kuwa Bi Mosi hujenga kwa alichokipata. Meza ya chakula ni ubavu wa jahazi lililovunjwa. Banda la Chewa bafu lake halina paa, na anayeoga hukaguliwa na kima. Langu, Kolekole, limejengwa kuizunguka samadari: kitanda kilinunuliwa kwanza, kikakataa kupita mlangoni, basi fundi akaamriwa azibomoe kuta zote na kuzianza upya, kitanda kikiwa ndani.

Saa ya ukutani hakuna. Pale mapokezi pana ubao mweusi, na juu yake, kwa chaki, pameandikwa maji kujaa na maji kupwa. Mgeni akiuliza chakula cha jioni ni saa ngapi, huambiwa akautazame mto. Nilidhani ni mbwembwe za kuwafurahisha watalii, mpaka Shebe, mpishi, aliponieleza: mkate, barafu na mboga vinatoka mjini kwa mashua, na mashua haipandi mto kirahisi wakati maji yanatoka. Kambi hula mto unapotaka.

Asubuhi ile hakuna aliyekula. Shebe alipiga simu polisi mjini. Mwanafunzi wa historia kutoka Ujerumani alikaa ngazini kajishika kichwa. Huyu alikuja Pangani kwa ajili ya Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 wakamnyonga papa hapa mjini Desemba 1889, na kila akilitaja jina hilo hushusha sauti, naye Shebe humwongezea chai. Sasa aliuliza swali walilokuwa nalo wote: mzee wa umri ule ameelekea wapi na mtumbwi?

"Baharini," alisema Bi Mosi. "Tazameni."

Tulitazama. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu, yakibeba makumbi ya nazi na majani kuelekea mlangoni pa mto, kule kivuko kinakovusha watu kati ya Pangani na Bweni. Wavuvi wawili walikuwa wameshageuza ngalawa zao kuelekea huko.

"Tuchukue mashua ya injini tuwafuate," nikasema.

"Haina petroli. Iliishia jana njiani, Shebe akitoka sokoni."

Shebe alifungua mdomo. Akaufunga.

Mimi ni mhasibu. Nikiona hesabu imefungwa haraka, huwa nataka kuiona risiti. Wakati wengine wakipigana vikumbo gatini, nilirudi mapokezi, nikausoma ubao:

Jana: kupwa saa nne usiku.
Leo: kujaa saa kumi alfajiri. Kupwa saa nne u nusu asubuhi.

Yalikuwa maji ya bamvua, mwezi umekamilika. Nikamtafuta mlinzi, nikamkuta anavua makoti yake ya usiku.

"Mbwa walibweka usiku?"

"Walibweka sana, dada. Upande wa gatini."

"Saa ngapi?"

Alicheka. Kambini pale nani ana saa? Akanyoosha kidole juu, wima kabisa. "Mwezi ulikuwa hapa. Utosini."

Mwezi mpevu hufika utosini usiku wa manane. Na usiku wa manane, kwa ubao wa Bi Mosi mwenyewe, maji yalikuwa yanajaa. Mtumbwi uliotoka wakati ule, uwe na mpiga kasia au usiwe naye, haukuchukuliwa na maji kwenda baharini. Bahari ndiyo iliyousukuma kwenda juu.

Chini ya mwembe, Babu Kombo, mvuvi mzee wa pale kambini, alikuwa anashona wavu, mgongo kaupa kelele zote. Nilipochutama karibu yake hakuinua uso.

"Umemaliza hesabu?" akauliza.

"Babu, ulijua?"

"Nimezaliwa kwenye mto huu."

"Mbona hukusema?"

"Aliyeuliza ni nani?" Akakata uzi kwa meno. "Na wewe nakuomba, mwanangu, usiseme. Chukua kofia. Tunakwenda wawili."

*

Tuliingia kwenye kidau chake kidogo, upande wa nyuma wa kambi, ambako mikoko inaficha kila kitu. Kasia lisingefaa mbele ya maji yale. Babu Kombo alisimama tezi na upondo mrefu, akatuambaza na ukingo, mahali ambapo mkondo hauna nguvu, akausimika topeni na kutusukuma, akausimika na kutusukuma. Kila alipopumzika tulirudi nyuma.

Tulipita minazi iliyobaki magogo matupu. Babu alichota maji kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Chumvi bado. Utotoni mwangu hapa tulichota ya kunywa."

Nilijua habari hiyo kwa kuisoma tu. Mto huu unapata maji yake Kilimanjaro na Meru, unatuama katika bwawa la Nyumba ya Mungu, unazungusha mitambo ya umeme kule Hale na New Pangani Falls, na njia nzima, kilomita zipatazo 500, mashamba yanaunywa. Kinachofika huku chini hakina tena nguvu ya kuisimamisha bahari mlangoni. Babu Kombo alilieleza kwa ufupi kuliko mimi: "Mwenye nyumba akidhoofika, mgeni anahamia chumbani."

Nikaona ndiyo nafasi yangu. "Babu, huyo Kapteni unamjua?"

"Baba yako? Sana."

Sikujisumbua kukana. "Basi hukumjua vizuri. Baba alikuwa karani wa stoo. Alikuwa anaogopa maji hata ya kivuko."

Babu Kombo alicheka mpaka upondo ukamteleza. "Hilo la woga ni kweli! Ndiyo maana tulimwita Kapteni, kwa kumtania. Anakaa omo, amekamata mbao kwa mikono yote miwili, anaamrisha: kushoto, kulia, polepole! Anayeendesha ni mwenzake."

Moyo ulinipiga. "Mwenzake nani?"

"Yule bibi. Wallahi, sijaona mwanamke anayeujua mto kama yule. Usiku, bila taa, anapita katikati ya mafungu ya mchanga, naye anazungumza tu."

Nilitazama upande wa pili ili asinione uso. Basi ni kweli: watu wawili, na wa pili ni mwanamke. Nilimfikiria mama, mtu wa Korogwe, ambaye kwa miaka yote tuliyokaa Tanga sikumwona hata mara moja akitia mguu majini pale Raskazone. Mama aliyekuwa akimfungia baba vitumbua vya safari ya "Muheza". Mama ambaye wakati huu amekaa ndani, kwenye eda yake ya miezi minne na siku kumi, anamlilia mume ambaye huku mtoni alikuwa na nahodha mwingine.

"Mrembo?" niliuliza, na sauti yangu ikanichukiza mwenyewe.

"Mkali," alisema Babu Kombo. "Shhh. Tazama kule."

Kwenye kona ya mto, mbele ya nguzo zilizooza za gati la zamani la shamba, mtumbwi wa kambi ulikuwa umelala juu ya tope, ubavu mmoja juani. Hapakuwa na mtu. Mamba mmoja, aliyekuwa ameanikwa kwenye ukingo wa pili, aliteleza majini bila haraka.

Babu alitusogeza mpaka tukaugusa. Ndani mlikuwa na ndara ya pili, imewekwa vizuri chini ya ubao wa kukalia. Hakuna damu. Hakuna kasia. Mtumbwi haukuja wenyewe pale: ulikuwa umefungwa nguzoni, na kamba imeachiwa urefu wa kutosha kushuka pamoja na maji. Aliyefunga alijua kwamba yatapwa, na kwa kiasi gani.

Babu Kombo aliishika kamba, akaligeuza fundo, na nikamwona anabadilika rangi.

"Nini, Babu?"

"Limezungushwa kinyume. Hili ni fundo la mtu wa shoto." Akaliachia, akajifuta mkono kwenye msuli. "Mto mzima huu ninamjua mmoja tu anayefunga hivi. Yule bibi."

Wa shoto.

Nilikaa. Nyumbani kwetu kulikuwa na mtu mmoja wa shoto. Bibi yangu alimchapa mkono ule utotoni mpaka akajifunza kula kwa mkono wa kuume, lakini kukuna nazi, kushona na kufunga mizigo hakuacha kamwe. Vitumbua vya Muheza vilifungwa kwa mkono ule.

"Mkaguzi!"

Niliruka nusura kidau kipinduke. Jina hilo alinipa baba nikiwa mdogo, kwa sababu nilikuwa nikihesabu chenji yake kila akirudi dukani. Nje ya nyumba yetu halijawahi kutamkwa.

Matawi ya mikoko yaligawanyika. Mama alisimama kwenye tope mpaka magotini, ndani ya nguo zake nyeupe za eda, na kasia la kambi mkononi. Mkono wa kushoto.

"Shikamoo," nilisikia mdomo wangu unasema.

"Marahaba. Nani kakuleta huku?"

"Mama, eda yako..."

"Eda yangu ninaijua, na Mola wangu anaijua sababu. Nimekuuliza, nani kakuleta?"

"Risiti. Risiti za kambi. Nilizikuta mfukoni, kwenye koti la baba."

Sijapata kumwona mama akiogopa, hata siku ile walipotoka na jeneza. Sasa nilimwona.

"Mwanangu," alisema polepole, "risiti zile nilizichoma mimi kwa mkono wangu, siku ya tatu ya matanga. Zote, nyuma ya jiko."

"Haiwezekani. Ninazo kwenye mkoba."

"Basi kuna aliyekuwa na nakala zake, akataka wewe uzikute. Alitaka uje huku, akufuate ajue nilipo mimi na huyu mzee." Aligeuza kichwa kidogo kuelekea magugu, na humo nikaona tarbushi nyekundu ikichungulia. "Koti ulipewa na nani?"

Kabla sijajibu, sauti ilitoka upande wa chini wa mto. Babu Kombo ndiye aliyeitambua kwanza. Akauchomoa upondo topeni.

"Injini ya kambi," alisema. "Petroli imepatikana."

Mashua ilikata kona kwa kasi, ikitupa mawimbi kwenye kuta zote mbili za mikoko. Bi Mosi alikuwa amesimama omo, anatunyooshea kidole. Nyuma, kwenye usukani, hakuwa Shebe wala mlinzi. Alikuwa mtu aliyesimamia mazishi ya baba tangu kuosha hadi kufukia, akanikumbatia siku ya arobaini na kunivisha koti la marehemu mabegani, akisema libaki na mimi.

Baba mdogo alipunguza mwendo, akanipungia mkono.

"Ahsante, Zaina!" alipaza sauti. "Sasa ondoka hapo, niachie hao wawili."

ITAENDELEA

Je, mzee wa tarbushi anajua nini kinachomfanya awindwe? Bi Mosi yuko upande wa nani? Na maji yatakapoanza kujaa tena, nani atabaki juu ya tope? Usikose Jumamosi ijayo.