Asili ya Neno "Caxtil": Funzo kwa Nadharia ya Ukopaji

Wanaodai kuwa Kiswahili ni Kiarabu aghalabu hutegemea msamiati: kitabu, sahani, elimu. Dai hili hurudi kila mara katika mada ya chimbuko la Kiswahili. Neno moja la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko, laweza kutusaidia kulipima.

Wahispania wakiongozwa na Hernán Cortés walifika pwani ya Meksiko mwaka 1519. Kufikia 1521 mji wa Tenochtitlan ulikuwa umeanguka. Wageni hao walitambulishwa na ufalme wa Castilla. Masikioni mwa Wanahua, s ya Kihispania cha enzi hizo ilikaribia sh, sauti inayoandikwa x katika lugha yao. Wakasema Caxtillan.

Je, n ya mwisho ilitoka wapi? Kinahuatl kina kiambishi tamati cha mahali, -tlan, ambacho huwa -lan kikitanguliwa na l. Tollan, kwa mfano, ni mahali pa matete. Kwa kanuni hiyo, Caxtillan lilisikika kama "mahali pa caxtil". Caxtil ni nini basi? Wenyeji walifuga batamzinga, waliyemwita totolin. Kuku aliletwa na Wahispania. Kuku huyo ndiye aliyepewa jina caxtil. Jina la ufalme likazaa jina la ndege, na ufalme wenyewe ukawa kana kwamba ni "mahali pa kuku"!

Hali kadhalika, katika neno la Kiarabu kitab, ki si kiambishi. Wingi wake ni kutub. Waswahili waliisikia kama ki- ya ngeli ya KI-VI, wakaunda vitabu. Mzizi ni wa kigeni, sarufi ni ya Kibantu.

Wanahua walishindwa vitani, lakini sarufi yao ilimtawala mgeni kinywani mwao. Hakuna anayesema Kinahuatl ni Kihispania kwa sababu ya caxtil. Kwa nini basi kitabu kiifanye lugha yetu kuwa Kiarabu?

Mtahiniwa asiishie kutaja lugha chanzi. Aonyeshe mabadiliko ya kifonolojia, kimofolojia na kisemantiki. Caxtil lina yote matatu. Msamiati huonyesha tulikutana na nani. Sarufi ndiyo huonyesha sisi ni nani.