M au S: Historia Fupi ya Mgongo Ulioteguka

Mjomba wangu alikuwa mchukuzi katika ghala moja la nafaka, Mombasa. Siku aliyoumia aliinama kuinua gunia la mahindi la kilo 90, kama alivyokuwa akiinua kila siku, akasikia kitu kiunoni kinalia ta! Wenzake walimbeba kama mtoto hadi zahanati. Akapewa dawa za maumivu, siku 7 za kupumzika, na karatasi yenye maandishi madogo: M54.5.

Karatasi hiyo ilirudi kutoka kwa watu wa bima. Karani alitwambia bila hata kuinua macho, "Hiyo M ni ugonjwa, mzee. Sisi twalipa ajali." Mjomba akaniangalia mimi msomi wa familia, eti nimweleze. Sikuwa na la kumweleza. Ndipo nikaanza kutafuta hizi herufi zimetoka wapi.

Mgongo ulioteguka ni wa zamani sana kwenye maandishi. Kuna mafunjo ya Misri yenye umri wa miaka ipatayo 3,600, yaliyonunuliwa Luxor mwaka 1862 na Mmarekani Edwin Smith, na kutafsiriwa kwa Kiingereza na James Henry Breasted mwaka 1930. Ndani mna visa 48 vya wagonjwa, kuanzia kichwani kushuka chini. Kisa cha 48, cha mwisho, ni mtu aliyeteguka pingili za uti wa mgongo. Tabibu anaagizwa amwambie anyooshe miguu kisha aikunje. Mgonjwa ataikunja mara moja kwa maumivu. Tabibu anatamka kuwa atamtibu, anaanza kueleza jinsi ya kumlaza chali, halafu mwandishi anaacha katikati ya sentensi. Hatujui aliitwa na nani. Ila tazama: hakuna aliyemuuliza yule Mmisri aliumia wapi na kwa kazi ya nani.

Swali hilo lililetwa na garimoshi. Uingereza ya karne ya 19 ilijaa abiria waliotoka kwenye ajali za reli wakitembea kwa miguu yao, kisha baada ya siku chache wakashindwa kuinuka kitandani. Mwaka 1866 daktari mpasuaji wa London, John Eric Erichsen, alichapisha kitabu kuhusu majeraha hayo, na mawakili wa abiria wakakipenda sana. Mwaka 1883 Herbert Page akajibu kwa kitabu chake: mengi ya hayo, alisema, ni mshtuko na hofu tu, na uti wa mgongo haukudhurika. Page alikuwa daktari wa kampuni ya reli ya London and North Western. Sisemi alidanganya, lakini jua alikuwa akilipwa na nani.

Wakati huohuo William Farr, bingwa wa takwimu wa serikali ya Uingereza, alikuwa akihangaika na orodha ya vifo. Alipendekeza mafungu makubwa matano, na mawili kati yake ndiyo yaliyomkuta mjomba: maradhi ya sehemu fulani ya mwili, yakipangwa kwa kufuata viungo, na madhara yanayotokana moja kwa moja na nguvu kutoka nje. Jacques Bertillon, Mfaransa, alifuata njia ya Farr ya kupanga kwa viungo alipowasilisha orodha yake Chicago mwaka 1893. Mwaka 1900 mkutano wa Paris ukaifanyia marekebisho ya kwanza ya kimataifa.

Lakini orodha hizo zilihesabu hasa maiti, na hakuna anayekufa kwa kuteguka kiuno. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1948, toleo la sita lilipoingia mikononi mwa Shirika la Afya Duniani na kupanuliwa kuwahesabu pia wagonjwa na majeruhi walio hai. Toleo la kumi, lililopitishwa mwaka 1990, ndilo lililoweka herufi mbele ya namba. M ikawa ya maradhi ya misuli, mifupa na viungo. S ikawa ya majeraha ya sehemu za mwili. M54.5 ni maumivu ya kiuno; S33.5 ni kuteguka au kunyutika kwa uti wa kiuno. Wamarekani, walioanza kulitumia toleo lao mahospitalini tarehe 1 Oktoba 2015, walichambua zaidi: kano kwenye S33.5, misuli kwenye S39.01. Kisha wakaongeza herufi ya saba kuonyesha kama matibabu yanaendelea, kama mtu anapona, au kama kilichobaki ni kovu la jeraha. Kwa kuwa nafasi ya saba lazima ijazwe na hakuna cha kuweka katikati, wakatia X mbili za kujaza pengo: S33.5XXA. Mgongo wa mtu unasomeka kama namba ya gari.

Kinachonishangaza ni hiki. Kano iliyoteguka haionekani kwenye eksirei. Mara nyingi daktari hawezi kukuonyesha kwa kidole kano gani imevutika. Kwa hiyo kinachoamua kati ya M na S ni hadithi: mgonjwa alisema nini, na daktari alikuwa na dakika ngapi za kumsikiliza. Ukisema "kiuno chaniuma", umepata M. Ukisema "nilikuwa nainua gunia saa 4 asubuhi, kikalia ta", huenda ukapata S. Mjomba ni mtu wa maneno machache. Siku ile alisema kiuno chamuuma.

Tulirudi zahanati. Safari hii nilimwambia aeleze yote, na gunia, na saa, na ule mlio. Daktari, kijana mpole aliyekuwa na foleni hadi nje mlangoni, alisikiliza, akaikata M54.5 kwa mstari mmoja, akaandika S33.5 pembeni, akatia sahihi na tarehe. Watu wa bima waliipokea.

Siku hizi mjomba anavaa kandambili tu. Kuinama kufunga kamba za viatu bado hawezi.