Pumzi ya Tanuri: Maneno ya Mvukuto na Moto katika Milima ya Upare

Mfasiri akipewa kitabu cha mafundi wa boila, jambo la kwanza limpatalo ni mshangao. Alitazamia kusoma habari za makaa ya mawe, maji na mvuke. Badala yake, karibu nusu ya kitabu husema habari za hewa. Hewa iingiayo chini ya makaa, hewa iingiayo juu yake, hewa inayosukumwa kwa feni na ile inayovutwa na dohani, hewa iliyopungua na hewa iliyozidi. Hapo ndipo kalamu husimama. Mfasiri hutafuta maneno, na asipoyapata huyabuni, au huyakopa yalivyo na kuyatia irabu mwishoni.

Hatuna ugomvi na kukopa. Lakini yafaa tukumbuke kwamba kumpa moto pumzi ni kazi iliyofanywa katika nchi hii kwa karne nyingi kabla boila ya kwanza haijashushwa bandarini Tanga. Katika makala hii tutaitazama kazi hiyo mahali pamoja, yaani milima ya Upare, na kuuliza maneno yake yanaweza kutufaa nini leo.

Msafiri atokaye Tanga kwenda Moshi huiona milima hiyo mkono wake wa kulia, kwanza ile ya kusini iliyo juu ya mji wa Same, kisha ile ya kaskazini, Usangi na Ugweno, ambayo tangu mwaka 1979 imo katika wilaya ya Mwanga. Reli aliyoanza kuijenga Mdachi kutoka Tanga mwaka 1893 ilipita chini ya milima hii na kufika Moshi mwaka 1911. Injini za mvuke zilizopita Same zilikuwa na tanuri lililolishwa hewa kwa hila nzuri sana: mvuke uliokwisha kufanya kazi ulirushwa juu kupitia dohani, nao ukavuta hewa kwa nguvu kupitia motoni. Kadiri injini ilivyokaza mwendo, ndivyo moto wake ulivyopata pumzi zaidi. Mzee yeyote wa Upare aliyejua uhunzi angelielewa jambo hilo mara moja, kwa maana huko mlimani watu wa ukoo mmoja walikuwa wakilisha moto hewa tangu zamani.

Ukoo huo ni Washana. Katika masimulizi ya Ugweno ambayo Profesa Isaria Kimambo aliyakusanya na kuyachapisha mwaka 1969, katika kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare, Washana hawakuwa mafundi tu. Walikuwa ndio wenye nchi. Chuma kiliwapa ukuu. Baadaye ukoo wa Wasuya, ukiongozwa na Angovi, uliwapindua na kutwaa utawala, na mwanawe Mranga akaupanga upya kwa mabaraza. Kimambo aliyaweka mambo hayo katika karne ya 16 kwa kuhesabu vizazi. Washana walinyang'anywa utawala, lakini ufundi haukuweza kunyang'anywa. Waliendelea kutoa chuma na kufua majembe, mashoka na mikuki, na Wachaga, ambao mlima wao mkubwa haukuwapa mawe ya chuma, wakakinunua chuma cha Ugweno kwa mifugo.

Hapa mfasiri atuwie radhi tumsimamishe kidogo. Vitabu kadhaa huandika kwamba Washana maana yake ni «wahunzi», basi. Tafsiri hiyo si ya uongo, ila ni finyu. Mshana ni jina la ukoo na jina la kazi kwa pamoja, na katika Ugweno ni jina la watawala walioangushwa vilevile. Anayeandika «wahunzi waliasiwa na Wasuya» humfanya msomaji adhani kwamba chama cha mafundi kiligombana na majirani. Jina na liachwe kama lilivyo, kisha lielezwe.

Tena jina lenyewe si geni kwa Kiswahili. Kamusi za zamani zina kitenzi «sana», maana yake kufua chuma, na «msana», maana yake mhunzi. Wasambaa nao huwaita wahunzi wao Washana. Waswahili wa leo wamelisahau neno hili, kwa sababu «fua» limeshika kazi yake na kwa sababu kielezi «sana» kimelifunika. Lakini haliko mbali, liko mlimani tu. Twalitaja si kwa kutaka lirudishwe shuleni kesho, bali kuonyesha kwamba mipaka kati ya Kiswahili na lugha jirani ni myembamba kuliko tunavyoichora. (Tuongeze kwamba Kigweno ni lugha yake, nacho Chasu ni lugha nyingine, anayekusanya msamiati wa chuma na asiridhike kwa kuuliza upande mmoja wa milima.)

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Katika Upare ya Kaskazini mawe ya chuma hayakuchimbwa shimoni. Yalipatikana kama mchanga mweusi, mzito, uliochukuliwa na maji ya mito, nao ulikusanywa na kuoshwa hata mchanga mwepesi ukaondoka. Mchanga huo, pamoja na makaa ya miti, uliwekwa motoni, na mivukuto ikaanza kazi. Mvukuto wa aina ya kiriba ni ngozi iliyoshonwa mfano wa mfuko. Mtu huinua kiriba kimoja kikajaa hewa, huku akikikandamiza cha pili kikatoa. Viriba huwa viwili kwa sababu hiyo tu, ili pumzi isikatike. Hewa hupita katika mrija wa udongo uliochomwa, na mrija huo huingia ndani ya moto wenyewe, mahali ambapo mbao ingeungua mara moja.

Ni nini hutendeka mle ndani? Hapa ndipo istilahi zetu zinapotuangusha. Vitabu vingi vya shule husema wahenga «waliyeyusha» chuma. Neno hilo latoa picha ya barafu au samli: kitu kigumu kilichopata joto kikawa maji. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi, na tanuri la udongo lenye mivukuto halikuwa na haja ya kufika huko. Kilichoyeyuka, kwenye nyuzi 1200 hivi, ni uchafu wa mawe. Chuma chenyewe kilibaki kigumu, donge lenye matundu kama sifongo, lililotolewa na kupigwa nyundo hadi uchafu ukatoka.

Aidha, joto peke yake halitoi chuma katika mawe. Mchanga mweusi ni chuma kilichoshikamana na oksijeni, na lazima kitu kingine kiichukue oksijeni hiyo. Hewa ya mvukuto inapokutana na makaa huunguza kaboni na kufanya kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikipita katika makaa mengine mekundu hugeuka kuwa kaboni monoksidi, na hiyo ndiyo inayonyang'anya mawe oksijeni yake. Basi hewa ni lazima, na hewa ikizidi ni hasara: chuma kilichokwisha kupatikana hushikwa tena na oksijeni na kurudi kuwa takataka. Mvukutaji alipaswa kujua mpigo, wala si kupiga kwa nguvu tu. Mwanafunzi aliyefundishwa neno «kuyeyusha» hawezi kulifahamu jambo hili hata akikariri kanuni zote za kemia, kwa sababu neno limemwambia kwamba kazi ni joto. Tunaona afadhali kusema «kutoa chuma», na «kuyeyusha» libaki na kazi yake halali, yaani kugeuza kigumu kuwa maji, kama afanyavyo asubuye shaba.

Fundi wa boila yu katika hali ileile, ingawa nia yake ni kinyume. Yeye hataki kaboni monoksidi hata kidogo. Kilo 1 ya kaboni ikiungua kikamilifu huhitaji hewa kilo 11.5 hivi, na hutoa joto la megajuli 33 karibu. Ikiungua nusunusu na kuishia kaboni monoksidi hutoa megajuli 9 tu, yaani chini ya theluthi. Kwa hiyo huongeza hewa kupita kile kipimo cha kitabuni, kwa sababu makaa hayachanganyiki na hewa sawasawa. Lakini akiongeza mno, hewa ya ziada huingia baridi, hupashwa moto bila faida, kisha hutoka na joto lote kupitia dohani. Moshi mweusi humwambia kwamba hewa imepungua au haikuchanganyika. Hewa iliyozidi haimwambii neno, maana haionekani. Ndiyo maana vitabu vyake husema sana juu ya hewa, na ndiyo maana mfasiri asiyetofautisha «hewa ya chini», ipitayo katika wavu wa makaa, na «hewa ya juu», inayokuja kuunguza gesi zilizopanda, atamfanya msomaji afungue mlango usio wake.

Kuna njia nyingine ya kumsaidia moto: kuipasha hewa kabla haijafika. Ulaya humsifu James Beaumont Neilson wa Glasgow, aliyepata hataza ya jambo hilo mwaka 1828, na kwa hakika matanuri ya chuma ya Uskochi yalipunguza makaa mengi kwa njia yake. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la «Science» kwamba wazee wa Kihaya, waliojenga upya tanuri la jadi mbele yao, waliingiza mirija ya udongo mbali ndani ya tanuri, hata hewa ikapata joto ndani ya mrija kabla ya kuyagusa makaa. Makala hiyo ilileta mabishano marefu. Wengine wakasema joto linalopatikana mrijani ni dogo, na kwamba ubora wa tanuri watokana na mambo mengine. Hatutaamua sisi. Lakini twaona mabishano yenyewe yalikuwa juu ya kifaa ambacho Kiswahili cha vitabuni hakina jina lake thabiti, na aliyetaka kuyaeleza darasani alilazimika kwanza kutafuta la kukiita.

Wengi hukiita «bomba». Neno hilo tulilipata kwa Wareno, na kwetu lina maana mbili: mfereji wa kupitishia kitu, na chombo cha kusukumia. «Bomba la hewa» kwa hiyo laweza kuwa mrija wa udongo au pampu ya baiskeli. Katika habari za uhunzi, ambamo chombo cha kusukumia na mfereji vimeungana, utata huo hauvumiliki. Tunapendekeza «mrija» kwa mfereji na «mvukuto» kwa chombo cha kusukumia, hata chombo hicho kiwe feni ya mkono iliyotengenezwa kwa gurudumu la baiskeli, kama ile inayoonekana katika karakana nyingi za wahunzi nchini. Kitenzi kipo tayari: kuvukuta. Tukikisikiliza, chafanana na fuka, fukiza, fukuta na mvuke, na twaona ni jamaa moja. Lugha iliyomzaa mvuke na mvukuto katika nyumba moja haikosi maneno ya kueleza boila.

Vivyo hivyo kwa nyumba ya moto. Kiswahili kina meko ya kupikia, joko la vyungu, tanuu la chokaa. Kumwita kila mmoja «tanuri» ni kuchagua umaskini. Kwa boila, neno «tanuri» lafaa kwa sehemu ya moto peke yake. «Boila» iwe jina la chombo chenye maji. Tumeziona tafsiri ambazo mambo hayo mawili yamepewa jina moja, na mwongozo ukamwagiza fundi asafishe tanuri kwa maji.

Limebaki neno ambalo wahariri huliona haya: mavi ya chuma. Ni neno la kale, limo katika kamusi, na mabonge yenyewe bado yametapakaa katika mashamba ya Ugweno, pamoja na vipande vya mirija iliyoungua ncha. Wanaakiolojia wamefuata mabonge hayo ili kujua ni wapi chuma kilitolewa, na wamethibitisha kwamba mchanga mweusi ndio uliotumika. Wengine huandika «uchafu wa chuma», na hapo msomaji hafahamu kama ni kutu, vumbi la tupa, au kitu kingine. Mwalimu anayeona aibu na aone. Darasa litacheka siku ya kwanza, na halitalisahau neno.

Majembe ya kigeni yalipopanda kwa reli na kwa wachukuzi, kutoa chuma mchangani kulipoteza faida, na katika wakati wa ukoloni kazi hiyo ikakoma. Ufuaji uliendelea kwa chuma chakavu, ambacho hakihitaji mchanga, wala tanuri refu, wala mpigo ule wa mvukuto wa saa nyingi. Kwa hiyo maneno ya kufua yamesalia vinywani mwa watu wengi, na maneno ya kutoa chuma yamesalia kwa wachache waliosikia kwa babu zao. Anayetumwa Upare kukusanya istilahi na aanze na haya ya pili, akianzia Ugweno, na achukue pamoja naye kipande cha mrija mkononi: mzee ataonyesha kwa kidole kila sehemu na kuitaja.