Asilimia 29: Uvumilivu Ulivyowekwa Kwenye Mizani

Mvumilivu hula mbivu, ndivyo tulivyolelewa. Ila methali haisemi huyo mvumilivu alikuwa anakula nini wakati anasubiri ziive. Swali la namna hiyo ndilo lililomkamata Aaron Antonovsky, mwanasosholojia mzaliwa wa Brooklyn, Marekani, aliyehamia Israeli mwaka 1960.

Huko, yeye na wenzake walikuwa wakichunguza jinsi wanawake wa jamii mbalimbali wanavyoikabili hali ya kukoma hedhi. Haukuwa utafiti wa vita kabisa. Lakini ndani ya dodoso mlikuwa na swali moja la pembeni: kama mhojiwa aliwahi kufungwa katika kambi za mateso za Wanazi. Walipolinganisha majibu, wasiopitia kambi waliokuwa na afya njema ya kihisia walikuwa asilimia 51. Waliopitia kambi, asilimia 29.

Mtu mwingine angefunga daftari hapo. Kambi iliumiza watu, nani asiyejua? Antonovsky yeye aliduwazwa na hao 29. Wameonja kambi, wamekuwa wakimbizi, wameanza upya katika nchi yenye vita vyake, na bado wako sawa. Imekuwaje?

Basi akaacha kuuliza kinachowaangusha watu, akauliza kinachowashikilia. Alilieleza wazo hilo katika kitabu cha mwaka 1979, na mwaka 1987 akatoa kingine chenye dodoso la maswali 29 (kufanana na ile asilimia ni bahati tu), kila swali likijibiwa kwa alama 1 hadi 7. Anayepimwa ni mtu mzima, na yanayopimwa ni matatu. Yanayokupata, unaona yanaeleweka? Unaona unazo nyenzo za kuyakabili? Na unaona yanastahili kuhangaikiwa?

Hilo la pili tulitazame vizuri. Antonovsky hakusema nyenzo lazima ziwe zako mwenyewe. Zinaweza kuwa mikononi mwa mwenzi wako, rafiki, hata Mungu, mradi ni mtu au nguvu unayoitegemea.

Sasa ruka hadi mwaka 2007. Mwanasaikolojia Angela Duckworth na wenzake wanachapisha dodoso la maswali 12 la kupima ung'ang'anizi, na miongoni mwa waliopimwa ni makuruta wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani. Je, humaliza ulichoanza? Vikwazo hukukatisha tamaa? Alama zake zilisaidia kutabiri nani angevumilia yale mafunzo makali ya kiangazi cha kwanza. Hata hivyo, katika maswali yote 12 hakuna hata moja linalouliza nani yuko nyuma yako.

Na hapo ndipo pa kuangalia. Mizani ikimpima mbebaji peke yake, uzito wa mzigo unasahaulika. Anayepata alama ndogo ataitwa mlegevu, na bosi au mwalimu hatajiuliza amembebesha nini.

Hao 29 wanastahili heshima yetu yote, ila tusiwageuze fimbo ya kuwachapia wenzao. Wale 71 waliobaki katika kila 100 hawakukosa bidii. Walipitishwa kambini.