Mkubwa Kwanza au Mdogo Kwanza: Historia Fupi ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Stesheni ya Gulwe, katika Wilaya ya Mpwapwa mkoani Dodoma, ni mtoto wa reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Upana wa njia hiyo, yaani nafasi iliyopo kati ya chuma kimoja na cha pili, ni milimita 1,000. Leo Gulwe inapitiwa pia na reli mpya ya umeme yenye upana wa milimita 1,435, ambayo treni zake zilianza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024. Behewa la njia moja haliwezi kupita katika njia ya pili, hata likiwa zima namna gani. Likikataa, fundi hana haki ya kuliita bovu, wala njia haina kosa. Ni vitu viwili vizima vilivyokutana, kila kimoja kimeundwa kwa kipimo chake.

Tumeanza na reli kwa sababu historia ya kompyuta ina mambo yanayofanana na hayo. Kompyuta ya kwanza nchini mwetu, ya aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kampuni ya IBM ya Marekani ilikuwa imetangaza jamii ya mashine iitwayo System/360, ambayo “neno” lake, yaani kiasi ambacho prosesa hukishika kwa mara moja, lilikuwa la biti 32. Mwaka huohuo ICT ya Uingereza ilitangaza jamii ya 1900, ambayo neno lake lilikuwa la biti 24. Programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa amri za mashine moja haikuweza kufanya kazi katika nyingine. Kikwazo cha namna hiyo kilionekana mara moja, kama behewa na njia isiyo yake. Lakini kipo kikwazo kingine kibaya zaidi, kwa kuwa chenyewe hakikatai: mashine hukubali kazi, kisha hutoa jibu la uongo.

Ili kukielewa, turudi Gulwe. Mjerumani ataja namba 23 kwa kusema “tatu na ishirini”, kama Mwarabu afanyavyo. Mswahili asema “ishirini na tatu”. Tuchukulie kwamba karani Mjerumani alimsomea karani Mswahili namba ya behewa, tarakimu moja moja, kwa mpango wa lugha yake, naye mwenzake akaziandika kwa mpango aliouzoea. Behewa la 23 lingeingia daftarini kuwa behewa la 32. Hapana aliyedanganya, na hapana asiyejua hesabu. Tena, kama namba ingalikuwa 22, kosa lisingalionekana kamwe.

Kompyuta nazo zina mipango miwili kama hiyo. Namba isiyotosha katika baiti moja huwekwa katika baiti mbili, nne au zaidi. Prosesa za jamii ya System/360 zilitanguliza baiti yenye thamani kubwa. PDP-11 ya kampuni ya DEC, iliyotoka mwaka 1970, ilitanguliza yenye thamani ndogo. Intel 8086 ya mwaka 1978 ikafuata mpango wa mdogo. Motorola 68000 ya mwaka 1979 ikafuata mpango wa mkubwa. Namba 1 ikiandikwa katika baiti mbili na mashine ya mpango mmoja, kisha ikasomwa na mashine ya mpango wa pili bila kugeuzwa, husomeka 256. Ikiandikwa katika baiti nne, husomeka 16,777,216. Hebu fikiri namba hiyo ingekuwa ni shilingi katika hesabu za idara. Mafundi waliohamisha mfumo wa Unix kutoka katika PDP-11 waliacha kisa mashuhuri: neno UNIX, lililowekwa herufi mbili mbili, lilitokea katika mashine mpya likiwa NUXI.

Mwaka 1980 Danny Cohen aliandika makala akiwasihi wahandisi waache ugomvi juu ya mipango hiyo miwili. Majina aliyoipa aliyatoa katika hadithi ya Jonathan Swift ya mwaka 1726, ambamo watu wafupi sana wanapigana vita kwa sababu ya yai: lipasuliwe kwenye ncha kubwa au kwenye ncha ndogo? Wasomaji wa Kiswahili wanakijua kitabu hicho kwa jina la Safari za Gulliver, tafsiri ya Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930.

Hapo ndipo ulipo mtego wa mfasiri. Neno la Kiingereza alilolitumia Swift kwa maana ya “ncha” lina maana pia ya “mwisho”. Mfasiri asiyekijua kisa cha yai anaweza kuandika “mpango unaoishia na mkubwa”, na kumbe katika mpango huo mkubwa ndiye anayeanza! Mwanafunzi atakayefuata tafsiri hiyo ataandika programu ya kinyume, na kosa halitakuwa lake. Kwa hiyo twapendekeza tuliache yai kwa Swift, tuseme wazi: mpango wa mkubwa kwanza, na mpango wa mdogo kwanza.

Jambo la pili ni majaribio. Programu ikiandika namba na kuisoma katika mashine ileile, itafaulu daima, kama makarani wawili Wajerumani ambao wasingekosana kamwe. Ikijaribiwa kwa namba 0 au 257 za baiti mbili, itafaulu hata katika mashine mbili zilizo tofauti, kwa maana baiti za namba hizo zinalingana, kama 22 ya behewa letu. Wala mpango wa baiti siyo tofauti pekee. Prosesa za Arm zilizoenea katika simu na zile za jamii ya Intel kwa kawaida hutumia mpango mmoja wa mdogo kwanza. Lakini katika lugha ya programu iitwayo C, chini ya mfumo wa Linux, baiti ya herufi yenye thamani 200 husomwa kuwa 200 katika Arm, na kuwa −56 katika Intel. Aliyejaribu upande mmoja hajajaribu upande wa pili.

Hatuna budi basi kuyaangalia maneno yetu. Mara nyingi twaona “mfumo” likibebeshwa kila mzigo: mfumo wa uendeshaji, mfumo wa malipo, na hata muundo wa prosesa. Taarifa isemayo “programu imekataa kwa sababu ya mfumo” haimwambii mkuu wa idara kitu. Kwa muundo wa prosesa neno “usanifu” lafaa, kwa kuwa tumekwisha kulizoea katika usanifu wa majengo. Ila mwalimu awaeleze wanafunzi kwamba halihusiani na kusanifisha. Tena tusiandike “jaribio limeshindwa”. Jaribio lililofichua kosa limefanya kazi yake barabara. Iliyoshindwa ni programu. Tuandike “programu imeshindwa katika jaribio”, kisha tutaje ni usanifu gani.

Mtumishi anayetayarisha mkataba wa kununua programu asitosheke na maneno “imejaribiwa na kufaulu”. Aulize: imejaribiwa katika prosesa za usanifu gani, na zinazotumika ofisini kwetu ni za usanifu gani? Swali hilo haliwezi kuulizwa kwa lugha isiyo na maneno yake, na kazi ya kuyapata maneno hayo ni yetu.